Hodi Mara Tatu

Jumatatu, 3 Februari

Abdalla,

Uji wa shayiri saa moja asubuhi. Vidonge vinne, kimoja nakikata nusu. Nimemnyoa Profesa. Ana kovu chini ya sikio la kushoto, lazima wembe ulizunguke. Leo nimelizunguka vizuri. Damu haikutoka.

Halafu daftari hili. Amenipa yeye. Droo yake imejaa madaftari mapya na macho yake hayawezi tena kuandika. Miezi saba nafanya kazi kwake hapa mjini Katy, Texas, namwogesha, namlisha, na wiki iliyopita tu ndiyo ameniuliza mume wangu yuko wapi. Nikamwambia amekufa. Hakusema pole. Akauliza, umeandika? Nikamwambia mimi nilikomea kidato cha nne, Profesa. Akasema vizuri, basi hutapamba. Kila siku kitu kimoja kidogo cha marehemu. Andika leo leo, maana kesho utakuwa umeshakirekebisha.

Kitu cha leo: ulikuwa ukikunja soksi zako mbili mbili, hata zilizotoboka.

Jumatano, 5 Februari

Vitabu viko mpaka bafuni. Leo nikamwuliza alikuwa akifanya kazi gani hasa. Tunazungumza Kiingereza, chake cha Kijerumani, changu cha Mombasa. Tunaelewana.

Alikuwa mwalimu wa fasihi chuo kikuu, Ujerumani ya Mashariki ilipokuwa nchi. Alitunga kitabu. Wakubwa wakamwambia atoe ukurasa mmoja, uliomsifu mshairi aliyekimbia nchi. Akakataa. Wakaja alfajiri na ngumi mlangoni. Miaka miwili na miezi minane jela. Karatasi hakuna. Wafungwa walikuwa wakipeana mashairi kwa kugonga ukuta na kidole, idadi ya mapigo kwa kila herufi. Mistari minne ilichukua jioni nzima. Kisha siku moja wakamtia kwenye basi, wakamvusha mpaka, wakamwambia asirudi.

Akaishia Texas. Hapa ndipo alipofanya kazi ya maisha yake. Aliwatafuta wale wafungwa kwa barua, mmoja mmoja, akawaomba kila mmoja aandike lile shairi la ukutani kama anavyolikumbuka. Wote walikosea. Aliyempoteza binti yake alimweka binti mahali mshairi alipoweka mto. Mwenye njaa aliweka mkate. Profesa akaandika vitabu vitatu juu ya makosa hayo. Anasema wenzake walimcheka, msomi mzima anaokota makosa. Anasema mtu hakosei ovyo, hukosea kuelekea kile alichopoteza.

Kitu cha leo: chai uliimwaga kwenye kisosi ipoe. Hapa tulipokosa visosi ulitumia mfuniko wa bakuli.

Ijumaa, 7 Februari

Mwaka mmoja leo.

Nitaandika mara moja nisirudie. Fort Worth. Ulikuwa ukipeleka chakula, wali na kuku, simu ikakupeleka nyumba siyo. Ukabisha. Mtu wa ndani akapiga risasi kupitia mlango. Mbili. Kifua na koo. Mfuko wa chakula ulikuwa bado mkononi walipokuokota. Kamera ya juu ya kengele ilirekodi, polisi wakanisikilizisha mara moja tu. Unasema hodi, hodi, hodi. Miaka kumi Marekani na bado ulikuwa ukiita hodi kwenye nyumba za Wazungu. Mara tatu, kama tulivyofunzwa.

Alisema aliogopa. Basi. Hakushtakiwa.

Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake. Iliandikwa gazetini. Mimi namfikiria huyo mwanamke zaidi ya ninavyomfikiria mumewe. Nilipokuwa eda nyumbani kwa ndugu yako Haltom City, miezi minne na siku kumi, nilimfikiria kila siku. Alisimama tu? Hakumshika hata shati?

Namchukia.

Jumanne, 11 Februari

Profesa amenipiga.

Mleta vifurushi alibonyeza kengele mchana. Nilikuwa nimeinama namvalisha viatu. Fimbo ilinishukia mdomoni, kisha begani, kisha mgongoni nikiwa sakafuni. Alikuwa akinipigia kelele kwa Kijerumani na neno moja nililijua, Luteni. Ndiye aliyekuwa akimhoji jela. Jino la mbele linacheza. Nimetema damu kwenye sinki mpaka maji yakawa safi.

Saa moja baadaye alikunywa supu na akaniuliza nani amenifanya hivi.

Nimetoa betri za kengele.

Kitu cha leo sina. Kesho vitakuwa viwili.

Jumamosi, 15 Februari

Nilikuwa nabadilisha mashuka. Kati ya godoro na ubao wa kitanda kulikuwa na soksi ya sufu, nzito. Nikaitoa. Bastola.

Niliiweka chini, nikamwuliza ni ya nini.

Profesa akaniambia bila haya yoyote. Alipofika Texas alinunua vitu viwili kabla ya kitanda: komeo la mlango na bastola. Mkewe Hanna aligomba, akagomba, akachoka. Hanna ameshakufa. "Hakuna atakayenitoa tena kupitia mlango," ndivyo alivyosema, kama mtu anayesema hali sukari.

Nikampigia binti yake, Ute, yuko Dallas.

"Risasi nilishazitoa, miaka mingi," akasema. "Mwachie tu. Inamtuliza."

"Una hakika, mama?"

"Zuhura, niko mkutanoni."

Nimeirudisha kwenye soksi, soksi nimeirudisha pale pale. Sijui kufungua bastola nione kama ina risasi. Sitaki kujua. Naogopa mikono yangu mwenyewe ikiwa karibu nayo.

Jumapili, 16 Februari

Sikulala vizuri. Mlango wa nyumba hii ni wa mbao, umepakwa rangi ya kijani. Leo nimeutazama kutoka ndani kwa mara ya kwanza. Yaani kuutazama hasa. Risasi ingepita tu.

Kitu cha kwanza: ulikuwa ukiimba ukitafuta funguo. Kitu cha pili: ukizipata unanyamaza.

Alhamisi, 20 Februari

Nimemwogesha. Maji ya moto humfungua mdomo.

Kovu la chini ya sikio ni la pete ya Luteni. Lakini si hilo lililomliza. Chumba cha jirani jela kulikuwa na fundi saa. Ndiye aliyekuwa akimgongea shairi. Jioni moja wakaingia kwa yule fundi katikati ya mstari. Profesa alisikia kila pigo kupitia ukuta. Alisikia kichwa kikigonga bomba. Kisha hakusikia kitu. Alikaa na kidole ukutani mpaka asubuhi akingoja neno linalofuata. Anasema bado analingoja.

Nilimmwagia maji mgongoni polepole.

Kisha akacheka. Akanisimulia kuhusu unga. Kabla ya kukamatwa Hanna alificha kurasa za kitabu ndani ya pipa la unga jikoni. Wapekuzi walipasua mito, waling'oa mbao za sakafu, walivunja sanduku la mama yake. Unga hawakuugusa, walikuwa na makoti mazuri. Ndiyo maana kitabu kipo.

Alicheka mpaka akakohoa. Nilimwona akiwa kijana.

Jumatatu, 24 Februari

Hapana. Siwezi tena.

Watoto wa jirani walikuwa wakicheza mpira baada ya shule. Mpira ukagonga mlango wetu. Nilikuwa jikoni. Nilipotoka Profesa alikuwa amekaa kwenye kiti chake, blanketi limeanguka, bastola imenyooka mbele yake kwa mikono miwili. Haikutikisika. Mikono inayomwaga supu kila siku, leo haikutikisika.

Msichana wa nje, wa miaka kama minane, akapiga kelele, "Sorry!" na akaondoka.

Sijui nilisimama muda gani. Alipochoka akaishusha. Alipolala nikaichukua pajani mwake kwa kitambaa cha sahani.

Nje siwezi kuitoa. Mwanamke mweusi mwenye mtandio, bastola ya mtu mwingine ndani ya gari, barabara kuu yote kutoka Katy mpaka chumbani kwangu Stafford. Askari mmoja tu akinisimamisha, nimekwisha.

Nikafikiri sana. Kisha nikapata wazo zuri. Nimeizika ndani ya pipa langu la mchele hapa jikoni, chini kabisa. Mkono wangu tu ndio unaoingia humo.

Kitu cha leo: ukichagua mchele ulikuwa ukitupa mawe dirishani, na ukitupa na mchele.

Jumamosi, 1 Machi

Ramadhani imeingia.

Anaitafuta. Siku ya tano sasa. Leo amelipasua godoro kwa kisu cha mkate. Nilipomzuia akanikata mkono, si sana, nyama tu. Akaniuma pia. Meno ni yake mwenyewe, yote. Ameniita mwizi. Ameniita mambo mengine ambayo sikuyajua ila sauti niliielewa.

Nilimshika kwa nguvu kifuani mwangu mpaka akaacha. Ana mifupa ya kuku. Nilitaka kumbana zaidi. Naandika hilo kwa sababu ni kweli. Nilitaka kusikia kitu kikivunjika.

Ute kwenye simu: "Umeichukua? Zuhura, hiyo ni mali yake. Irudishe na usiguse kitu."

Nilifuturu nimesimama.

Jumatano, 5 Machi

Nimempigia Hamadi. Ndugu yako anaendesha lori na Jumamosi ya wiki ijayo atakuwa na mzigo wa Houston. Nimemweleza yote.

"Shemeji," akasema, "miezi yote hii unaniambia kazi ni ya mzee mpole, msomi. Kumbe uko Somalia."

"Usinichekeshe. Utakuja?"

"Nitakuja. Nitaichukua, niipeleke polisi mwenyewe kwa mkono wangu. Nita-call kwanza niwaambie naleta nini, nisije nikawa mimi habari ya jioni."

Nikamwambia jambo moja, nikalirudia. Usibishe. Usipige hodi. Ukifika kaa garini, nipigie simu, nitakutolea nje.

"Yaani nifike kwa mtu nikae garini kama mwizi? Mama alitulea hivyo?"

"Hamadi."

"Haya, haya. Nimesikia. Asha wangu atakupikia mbaazi."

Jumapili, 9 Machi

Wamesogeza saa mbele. Magharibi sasa inaingia saa moja na nusu. Siku ya kufunga ni ile ile lakini moyo unaiona ndefu.

Profesa ametulia tangu jana. Akaomba nimsomee daftari. Nikamsomea vitu vyako vidogo, nikimtafsiria. Soksi alizipenda. Mchele alicheka. Nilipofika Februari 7 nikasita, akasema soma.

Nikasoma.

Akauliza kwa nini mara tatu. Nikamweleza kwamba kwetu mgeni huita hodi mara tatu. Asipojibiwa anageuka aende zake, bila kinyongo. Ndiyo adabu.

Kisha akasema, "Isikilize tena hiyo rekodi."

"Nimeisikia. Mara tatu."

"Isikilize tena, Zuhura."

Nilikasirika, Abdalla. Huyu ananifanya mimi kama mmoja wa wafungwa wake. Nikatoka na nikabamiza mlango nyuma yangu. Mlango. Katika nyumba hii. Alipiga kelele nusu saa nzima, na nilikuwa nje kwenye ngazi nimeziba masikio. Hilo nililifanya mimi.

Jumamosi, 15 Machi

Asubuhi. Hamadi ameondoka Haltom City. Anasema saa mbili usiku atakuwa hapa. Profesa amekula vizuri. Nimesuka nywele.

Leo itakwisha.

Jumatano, 19 Machi

Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto umefungwa mpaka kiwiko. Vidole viwili havipo, cha mwisho na jirani yake. Naandika kama Profesa alivyosema, bila kurekebisha.

Jua lilizama. Nilimwacha Profesa kwenye kiti, blanketi magotini. Nikafuturu kwa tende moja na maji. Simu niliiacha jikoni kwenye chaji, nimeizima sauti kwa ajili ya sala. Hamadi alisema saa mbili, na saa moja na nusu ilikuwa ndiyo kwanza. Hilo ni kosa la kwanza. Kumbe alikimbiza lori ili chakula kisipoe. Alipiga simu mara mbili, niliona baadaye. Kisha akashuka.

Nilikuwa rakaa ya pili, chumba cha nyuma. Ngumi mlangoni.

"Hodi! Hodi hapa!"

Sauti yako, Abdalla. Ninyi ndugu mna sauti moja. Nilijua ni Hamadi na nilijua natakiwa kuikata sala. Sikuikata. Nikajiambia ataita mara tatu, asipojibiwa atarudi garini, na mimi nitakuwa nimemaliza. Hilo ni kosa la pili na ni langu peke yangu.

"Hodi wenyewe!" Ya pili.

"Hodi!" Ya tatu.

Kimya. Nikashukuru.

Kisha nikasikia mfuniko wa pipa la mchele.

Nilikimbia. Nguo ya kusalia ikaninasa mguu, nikaanguka, nikainuka. Profesa alikuwa amesimama ukumbini bila fimbo. Mkono wake wa kulia ulikuwa mweupe wa vumbi la mchele mpaka kwenye kiwiko. Punje zilikuwa zikimwanguka na kudunda sakafuni. Bastola ilielekea mlangoni, kimo cha kifua cha mtu.

Yule mke wa Fort Worth alisimama nyuma ya mumewe. Mimi nilisimama mbele, mgongo mlangoni. Sijui kama ni ushujaa. Miguu ilinipeleka huko.

"Luteni," akasema. "Ondoka."

"Mimi Zuhura."

"Ondoka."

Nikamwita kwa jina lake, Volkmar. Sijawahi kumwita hivyo. Aliwahi kuniambia Luteni hakutaja jina lake hata siku moja, alimwita kwa namba. Nikamwita tena. Mdomo wake ukafunguka. Mkono ukaanza kushuka, kifuani kwangu, tumboni, gotini. Nilikuwa nikiuhesabu ukishuka.

Lakini Hamadi hakurudi garini. Hamadi ni Hamadi. Alikuwa amezunguka mpaka dirisha la sebuleni, kama tunavyofanya kwetu, na akapiga kioo kwa kiganja.

"Shemeji! Chakula kinapoa, bwana!"

Profesa akageuka. Nikaruka nikaushika mtutu kwa mkono wa kushoto.

Haikuwa tupu.

Sikusikia sauti. Niliona mkono wangu ukifunguka kama kitu kisicho changu, na kioo kikashuka chote kwa pamoja. Nikamsukuma Profesa kwa bega, tukaanguka naye. Bastola ikaenda chini ya kabati. Alinipiga usoni, akanipiga tena, mimi nikampiga kichwa chake sakafuni. Mara moja. Ningeweza kuendelea. Damu yangu ilikuwa machoni mwake na akawa anaifuta kama mtoto anayefutwa sabuni, na ndipo nikaacha.

Hamadi alikuwa chini kwenye maua. Risasi ilimpita begani na kutokea nyuma. Mbaazi zilikuwa zimemwagika juu yake na nilidhani ni nyama yake, nikalia kama mnyama.

Jirani ndiye aliyewaita polisi. Wakaona mtu mweusi chini ya dirisha lililovunjika. Wakamlaza kifudifudi, goti mgongoni, wakamfunga pingu mikono nyuma na bega lile limetoboka. Alipiga yowe ambalo sitalisahau. Bastola tatu zilimwelekea. Nilitoka nimenyanyua mikono juu, mmoja hauna vidole, na nikasimama tena kati ya bastola na mtu. Mara ya pili jioni moja. Nikapiga kelele: ni shemeji yangu, ni mgeni, ni mgeni wangu.

Ndani ya gari la wagonjwa alikuwa ameshafunguliwa pingu. Midomo yake ilikuwa ya kijivu.

"Shemeji," akasema, "hata mahamri wameyakanyaga."

Ijumaa, 21 Machi

Leo nimekumbuka unga.

Nilikuwa nimekaa kwenye kitanda cha hospitali na mhudumu akapita na sahani ya wali. Pipa. Hanna, pipa la unga, wapekuzi wenye makoti mazuri. Profesa alinisimulia mwenyewe Alhamisi, nami Jumatatu nikapata "wazo zuri". Limeandikwa humu. Nilidhani ni langu. Alipoitafuta bastola siku zote zile kwenye godoro alikuwa akitafuta kama wapekuzi. Aliposikia ngumi mlangoni akawa yeye mwenyewe, akaenda moja kwa moja jikoni.

Nilimfichia kitu mahali pake mwenyewe.

Nimelia kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Kidogo.

Jumatatu, 31 Machi

Idi ilikuwa jana. Niko Haltom City, kwa Hamadi na Asha, chumba kile kile cha eda. Hamadi anasali amekaa, mkono kwenye kitambaa cha kuning'inia. Watoto wake wanamwita superhero na yeye anakubali.

Ute alipiga simu. Alilia. Anasema alidhani alizitoa risasi, anakumbuka kabisa akizitoa, anakumbuka mpaka sauti zake zikianguka ndani ya bakuli. Nikamwamini. Nikamwambia hivyo. Amemweka Profesa kwenye nyumba ya wazee huko Dallas. Akaniuliza kama nitaenda kumwona.

Baada ya chakula nikamwuliza Hamadi juu ya rekodi. Asha akainuka akawatoa watoto nje. Kumbe anayo. Wakili alimpa, iko kwenye simu yake mwaka mzima, na hajaifuta wala kuifungua hata siku moja.

Nikaenda nayo bafuni. Nikakaa kwenye ukingo wa beseni.

Sekunde kumi na moja.

Umesema hodi mara moja. Moja. Kisha unajitaja, "Abdalla, food," kwa ile sauti yako ya kazini. Kisha risasi.

Hakuna ya pili. Hakuna ya tatu. Nimeisikiliza mpaka simu ikazima.

Sasa najua kwa nini nilizisikia tatu. Mtu akishaita mara tatu anageuka. Ningekuwa na wewe ukiwa umegeuka tayari, unarudi kwenye gari, funguo mkononi, unaimba.

Jumapili, 6 Aprili

Hamadi amenipeleka Dallas. Alikataa kushuka. "Mimi nyumba ya yule mzee nimeshabisha mara moja," akasema. Akakaa garini.

Chumba chake kina dirisha kubwa na hakina komeo. Amekonda. Kipajini kuna alama ya manjano, ni yangu, inafifia. Alinitambua. Akasema umechelewa, nani aliyekuwa akininyoa hapa, tazama. Nikatazama. Wamemkata kwenye kovu.

Nikamnyoa kwa mkono mmoja. Ilichukua muda.

Akaona bandeji. Akauliza nani amenifanya hivi.

Nilikuwa nimefika na jibu. Wiki tatu nimelibeba. Nikasema, "Mlango."

Akatikisa kichwa kama mtu anayeijua milango.

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Bila kurekebisha?"

Nikamwambia nilisikiliza tena, ilikuwa mara moja. Hakufurahi kwamba alikuwa sahihi. Alichukua mkono wangu mbovu akauweka magotini kwake na akaanza kugonga bandeji kwa kidole, taratibu. Nyingi, kisha mapumziko, kisha chache. Iliuma. Sikumwambia aache. Herufi zake sizijui na sikuuliza ni neno gani. Aliposimama katikati na kunitazama nikaelewa kwamba anangoja. Nikagonga mara moja kwenye kiganja chake. Akafumba macho. Nikadhani amelala, lakini alikuwa akitabasamu.

Kisha tukaja kwako. Jua lilikuwa la kadiri. Hamadi amekusomea Yasini, sauti ile yenu, halafu amekwenda kunisubiri langoni. Nyasi zimeota vizuri. Kibao chako kimekaa upande kidogo, nimekinyoosha.

Nimekutolea salamu mara moja. Sikutaka kuongeza.

Kitu cha leo: ulikuwa ukifika nyumbani, na funguo unazo mfukoni, bado unaita hodi kwanza. Na mimi naitikia karibu kutoka jikoni bila kugeuka. Hili nina hakika nalo. Kama nimelirekebisha, basi limekaa hivyo.

Nami nikumbuke, Abdalla. Hata ukikosea.